Ng'ombe wa Jairo

Mama mkwe wangu aliitwa Wegesa, na kitu kilichonikera kwake tangu wiki ya kwanza nilipoolewa Nyanungu ni ule ukimya wake wa asubuhi. Watu wengine wakiamka huwasha moto, au hunawa uso, au hugombana. Yeye alichukua ndoo ya kukamulia, akaingia nayo zizini, akaigeuza juu chini, akaikalia. Basi. Alikaa pale mikono mapajani, macho ameyafumba, ng'ombe wakimpumulia shingoni, na mimi jikoni maji ya chai yanachemka mpaka yanapungua, maziwa hakuna.

Mimi ni Mjaluo wa Rorya, nimekulia kwenye maombi ya sauti. Mama yangu mzazi akiomba, hata majirani wa ng'ambo ya mto walijua nyumbani kwetu kuna shida gani. Kwa hiyo nilipomwona huyu mama wa Kikurya, mrefu, mkavu, anayejulikana kwa kumjibu hata mwenyekiti wa kijiji, amekaa juu ya ndoo kimya, nilidhani anasinzia. Siku moja uvumilivu ukanishinda, nikamwuliza, "Mama, hivi unaomba au unalala?"

Hakukasirika. Mimi na yeye tulizungumza Kiswahili, maana Kikurya changu kilikuwa cha kununulia nyanya, na yeye kwa Kijaluo hakujua hata salamu. Kiswahili chake kilitembea polepole. Akasema, "Nasikiliza kwanza, Mama Gati. Nisiposikiliza, nitashika mali ya mtu na mkono mchafu."

Alisema mali ya mtu kwa sababu zizi letu lilikuwa na ng'ombe wa watu wawili, ingawa mgeni asingeona tofauti. Walikuwepo wetu, na walikuwepo wa Jairo. Jairo alikuwa Mjaluo mwenzangu, mchuuzi wa dagaa, rafiki wa marehemu baba mkwe wangu, mzee Nchagwa. Walikutana kwenye mikutano ya kanisa, wakapatana mpaka watu wakawacheka, Mkurya na Mjaluo wakikaa wamegusana mabega kwenye benchi moja. Jairo alipohamia kwa ndugu zake upande wa Kenya, alileta mtamba mmoja mwekundu, akamwacha kwa Nchagwa amtunzie.

Huku kwetu hilo ni jambo la kawaida. Mtu hafugi ng'ombe wake wote mahali pamoja, maana wezi wakija, au ugonjwa ukija, ataamka hana kitu. Huwatawanya kwa marafiki. Anayetunza hunywa maziwa na kuchukua samadi. Ndama ni wa mwenye mali. Ng'ombe akifa, mtunzaji hupeleka ngozi kwa mwenyewe, aione kwa macho, asije akadhani rafiki yake amemla. Na siku mwenyewe anapokuja kuwachukua, humwachia mtunzaji mtamba mmoja kama shukrani. Hakuna anayeandika popote. Kila mtu anajua.

Nchagwa alifariki kabla sijaolewa. Jairo alikuwa akija kuwatazama ng'ombe wake, halafu akaacha kuja, tukasikia anaumwa. Yule mwekundu akazeeka, akafa, ngozi yake ikapelekwa. Watoto na wajukuu zake walibaki kwetu, mmoja mweupe, mwingine mweusi, mwingine rangi ya vumbi, na Jairo hakuwahi kuwaona. Waliojua yupi ni wa nani tulikuwa watu wa nyumba ile tu.

Mchungaji wetu, Benedicto, alihubiri habari za uwakili kila baada ya mavuno, na akilitamka neno hilo macho yake yalikwenda kwenye kapu la sadaka. Simlaumu, paa la kanisa lilikuwa linavuja. Wegesa neno lile alilipeleka zizini. Alisema hata ng'ombe wake mwenyewe si wake, ila wa Jairo si wake mara mbili.

Miongoni mwa wetu kulikuwa na mmoja aliyempenda kuliko wote, mweusi mwenye uso mweupe, tukimwita Bibi Arusi. Alikuja kwenye mahari ya binti yake, Mogesi. Mogesi mwenyewe alifia kwenye uzazi, yeye na mtoto. Kwa hiyo Bibi Arusi ndiye aliyekuwa amebaki. Wegesa alipomkamua yule hakuimba wala hakuongea, alimwegemeza tu paji la uso ubavuni.

Mwaka ule homa ya mapafu ikaingia kwenye vijiji vya jirani. Bwana mifugo akatangaza chanjo, tukaambiwa tuwapeleke ng'ombe kwenye josho. Mume wangu, Waitara, ambaye ndiye mtoto wa pekee aliyekuwa amebakia kwa Wegesa, alikuwa amekwenda Kenyamonta kumzika mjomba wake. Tukaswaga ng'ombe mimi na mama. Kulikuwa na vumbi na matusi, kila mtu anataka ng'ombe wake watangulie. Tulipofika kwenye lango, Wegesa alisimama kidogo akimtazama bwana mifugo na mkoba wake wa dawa. Halafu akainua fimbo, akaanza kuwatenga. Aliwapitisha wa Jairo kwanza, mmoja mmoja, mpaka yule ndama wa mwisho. Ndipo akawaita wetu.

Bwana mifugo akaishika chupa, akaitazama juani, akaitikisa. "Mama, samahani, imeisha. Nitarudi wiki ijayo."

Wiki ijayo ikapita na haikuja na mtu. Sijui ni gari, sijui ni dawa. Kilichofika ni ugonjwa.

Walianza kukohoa. Anayefuga anakijua kile kikohozi, ng'ombe ananyoosha shingo mbele, viwiko amevitanua, na macho yanakuangalia wewe kana kwamba unaweza kufanya kitu. Wakaanguka mmoja baada ya mwingine, wetu wote. Wa Jairo walisimama kando yao wakicheua. Bibi Arusi alikufa asubuhi, Wegesa akiwa ameketi pale pale kwenye ndoo yake, kichwa cha ng'ombe kimelala juu ya miguu yake.

Waitara alirudi kutoka msibani akakuta msiba mwingine. Aliuliza swali moja, na nilijua atauliza.

"Mama, wa Jairo ndio uliwaweka mbele?"

"Niliwaweka."

"Kwa nini?"

"Ni wa mtu."

"Na sisi si watu?"

Mimi nilikuwa nimembeba Gati, binti yetu, aliyekuwa bado mdogo wa kulilia maziwa, na nilimwona mume wangu kuwa ana haki kabisa. Niliona uchungu mpaka kwenye meno. Kuna wema ambao ukiuangalia unataka kuupiga kofi, na wema wa mama mkwe wangu siku ile ulikuwa hivyo.

Nyama tuliifukia kama tulivyoagizwa. Ngozi Waitara alizichuna, akazitandaza uani kwa vigingi zikauke, na akawa anapita katikati yake huku na huku kama mtu anayepima kiwanja. Siku ya tatu au ya nne akaja kukaa nasi jikoni, na sauti yake ilikuwa ya upole, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mama, sikiliza. Jairo hajui rangi za hawa ng'ombe. Tumpelekee hizi ngozi. Tuseme zako zimekufa, zetu zimepona. Nani atatubishia? Ugonjwa upo, kila mtu ameuona. Ngozi zipo. Yeye yuko Kenya ana ndugu, ana biashara. Sisi tuna nini?"

Wegesa alikuwa anachambua mboga. Mikono yake ikasimama.

"Sikuombei ubaya," Waitara akaendelea. "Namwombea huyu mtoto maziwa. Wakienda hawa, mimi sina kazi hapa. Nitakwenda kulinda loji za wazungu kule Ikoma. Utabaki na nani?"

Mama aliweka mboga chini, akatoka, akaenda zizini. Ilikuwa mchana, jua kali, ng'ombe wako malishoni, zizi tupu. Akageuza ndoo, akakaa. Alikaa mpaka mbuzi waliporudi. Waitara alikuwa anamchungulia kupitia mlangoni na kuguna. Mimi nilichoka hata kukasirika. Aliporudi, uso wake ulikuwa umevimba kidogo chini ya macho, na alisema nami, si na mwanawe.

"Mama Gati, piga simu kwa Jairo. Mwambie kwa lugha yenu hali ya ng'ombe zake."

Hivyo ndivyo mzigo ulivyotua kichwani pangu. Nilipiga. Akapokea Gladys, binti yake Jairo. Nilimsalimu kwa Kijaluo, na kabla sijasema lolote akaanza kulia. Baba yake alikuwa amepooza upande mmoja, hasemi, hali bila kulishwa. Walikuwa wameuza duka, wameuza kiwanja. Akaniuliza, "Dada, wale ng'ombe wa baba wa huko Tanganyika, kuna hata mmoja aliye hai? Tumesikia ugonjwa umepita."

Waitara alisimama mlangoni ameshika ngozi ya Bibi Arusi iliyokunjwa, ananitikisia kichwa: sema hapana. Hakujua Kijaluo, lakini alijua tumefika wapi. Mama naye aliketi kwenye kigoda, macho ameyafumba. Naye hakujua Kijaluo. Ningeweza kusema chochote. Ningeweza kusema wamekufa wote, halafu nikamgeukia nikamwambia, tayari mama, nimemwambia ukweli, na asingejua mpaka anaingia kaburini.

Angenitazama kwa wasiwasi, ningedanganya. Angekuwa ananichungulia mdomo kama mtu anayemchunga mwizi, wallahi ningedanganya, hata kwa kumkomoa tu. Lakini alikuwa ametulia pale, mikono mapajani, kama anavyokaa zizini. Alikuwa ameniachia.

"Wako wazima," nilimwambia Gladys. "Wote. Waliokufa ni wetu."

Nilipokata simu Waitara aliuliza, "Umemwambiaje?"

"Nimemwambia wako wazima."

Alinitazama, halafu akamtazama mama yake, halafu akaitupa ile ngozi sakafuni. Kesho yake alipanda gari la Mugumu na begi lake la zamani la shule, akamfuata rafiki yake Nyamhanga aliyekuwa mlinzi kwenye loji upande wa Ikoma. Mimi aliniaga. Alimbusu Gati. Mama alisimama karibu na mlango wa zizi akamwita, "Mura," jina wanaloitana Wakurya kwa mapenzi, na yeye akapita.

Gladys alikuja karantini ya mifugo ilipoondolewa, pamoja na kaka yake Omondi. Alikuwa mwanamke wa mjini, viatu vyake vilishindwa na matope yetu, lakini moyo wake ulikuwa mzuri. Alipiga magoti mbele ya Wegesa, akamshika mikono yote miwili. "Mama, shikamoo. Mungu akubariki sana. Mzee ako kwa kitanda hata hawezi sema, lakini nikimwambia ng'ombe wako sawa, alilia. Machozi ilitoka hii upande moja."

Omondi alikuwa kwenye simu na wanunuzi wa mnada muda wote. Wakaanza kuwatoa ng'ombe zizini. Mimi nilisimama nikihesabu kimoyomoyo, nikingoja waseme, huyu ni wako mama, huyu tunakuachia. Nilishamchagua hata kwa macho, mtamba mweupe mwenye masikio ya kahawia. Hawakusema. Hawakuwa wabaya. Walikulia mjini, mambo ya kutunziana ng'ombe walikuwa wameyasikia nusu nusu, na aliyeyajua yote alikuwa amelala hana ulimi.

Nikamnong'oneza mama, "Mtamba wako."

"Haudaiwi," akasema.

"Basi nitawaambia mimi kwa lugha yao."

"Mdomo wako umefanya kazi nzuri, Mama Gati. Uuache upumzike."

Gladys aligeuka akauliza kama kuna jambo lingine. Wegesa akasema hakuna, wamsalimie mzee. Yule mtamba mweupe akakataa kutoka langoni, akarudi mpaka kwenye kona aliyozoea kulala. Wegesa mwenyewe alimfuata, akamshika sikio, akamwongoza mpaka barabarani akamwingiza kati ya wenzake. Aliporudi alifunga lango la zizi kwa miti yake yote, moja juu ya nyingine, kana kwamba kuna kitu ndani.

Tulikunywa chai ya rangi. Gati alilia siku nyingi halafu akazoea, na kuzoea kwake kuliniumiza zaidi ya kulia. Waitara alikuwa anatuma unga na sukari kwa kondakta, na alikuwa anapiga simu. Ananiuliza habari, anaongea na Gati, anacheka. Nikisema, ngoja nikupe mama, simu inakatika. Mara ya kwanza niliamini ni mtandao. Mama naye alisema hivyo hivyo, "Mtandao wa Ikoma mbaya, porini kule," akanirudishia simu kwa heshima kama mtu aliyeazimwa. Baada ya hapo nilijua, na nilijua kwamba na yeye anajua. Siku moja nilimkuta bado ameiweka sikioni, imeshakatika, kioo kimezima, na anaongea: "Mura, kula vizuri. Usilale chini, huko baridi. Vaa lile koti." Niliondoka nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kwa hasira.

Na asubuhi, bado, anachukua ndoo. Hakuna ng'ombe, hakuna samadi, majani yameanza kuota zizini, yeye anafungua ile miti yote, anaingia, anageuza ndoo, anakaa. Nilivumilia mpaka nikashindwa. Nilimfuata mle ndani nikasimama mbele yake, mikono kiunoni, mkwe asiye na adabu.

"Mama, humu hamna ng'ombe! Unasikiliza nini? Mungu wako amekula ng'ombe, amemchukua mtoto wako mmoja kwenye uzazi, na mwingine amemziba masikio. Unakuja kumsikiliza nini?"

Alifumbua macho. Nilidhani atanifukuza, na ningeondoka.

"Wewe unadhani nakaa hapa natulia," alisema. "Situlii. Nabishana naye. Kila siku namwuliza, kwa nini hukuniachia hata yule wa Mogesi? Mmoja tu. Mimi sikuomba wengi."

Mikono yangu ikashuka kutoka kiunoni.

"Siku ile ya josho niliiona chupa, Mama Gati. Dawa ilikuwa chini kabisa. Nilijua haitatosha. Nilisimama pale langoni nikajua."

"Basi kwa nini, mama?"

"Ningetanguliza zetu, halafu za Jairo zikafa, asubuhi ningekuja kukaa wapi?" Alipitisha mkono akionyesha zizi, majani, na ndoo. "Mahali pangu ni hapa tu."

Halafu akalia, mama yule aliyekuwa akiwajibu wenyeviti. Alilia bila sauti, mabega yanatikisika. Niliketi chini kando ya ndoo yake kwenye vumbi. Nilikuwa na mengi ya kusema siku ile, na hakuna hata moja lililokuwa na maana. Jua lilipofika miguuni petu akaniambia twende tukapalilie muhogo.

"Na yeye anajibuje?" nilimwuliza njiani. "Ukimbishia."

"Bado. Nangoja."

Tukawa tunakaa wote baada ya hapo. Sikuwa mzuri wa kukaa kimya. Nilifikiria chumvi, nilifikiria Waitara, nilikuna miguu. Lakini nilikaa.

Masika yalipokuja mvua ilimkuta zizini asubuhi moja, naye hakuinuka. Ikawa kikohozi, halafu homa. Zahanati wakasema nimonia. Mapafu tena, niliwaza, na nikataka kupiga ukuta ngumi. Siku aliyozidiwa nilimpigia Waitara, akapokea akidhani ni mimi tu. Nikaweka spika, nikasogeza simu kwenye mto.

"Mura," mama akasema.

Hakukata. Tulisikia upepo wa huko, na ndege, na mtu anayemwita kwa mbali afungue geti.

"Nitapiga baadaye, mama," akasema. "Niko lindoni."

Wegesa aligeuza uso akanitazama, na macho yake yalikuwa ya msichana. "Ameniita mama," alisema. Alifariki kesho yake kulipokucha, kabla ya hiyo baadaye kufika.

Waitara alikuja na koti la ulinzi mwilini, hakuwa amepata hata muda wa kulivua. Wazee wa ukoo walikuwa wameshakaa uani, na waliuliza kinachoulizwa: mama wa boma anazikwa, ng'ombe yuko wapi? Mama mwenye boma hazikwi hivi hivi, ng'ombe hutoka kwenye zizi lake mwenyewe, watu wakala wakamsindikiza. Waitara alikwenda akasimama kwenye lango la zizi, akaangalia yale majani. Hakuna aliyemcheka mbele yake. Akina mama wa kanisa wakapika maharage, na Mchungaji Benedicto akasema si lazima nyama, lakini watu walikula wakiwa wanaangalia chini.

Nilimpeleka Waitara chumbani kwa mama tuchague nguo ya kumvika. Chini ya kitanda tukakuta zile ngozi. Alikuwa amezikunja vizuri, amezipaka mafuta, hazina hata tundu la panya, ingawa kuna wakati tulikosa hata chumvi na ngozi zina bei. Ya Bibi Arusi ilikuwa juu, ule weupe wa uso umeelekea nje. Waitara aliiinua akaishika kama alivyoishika siku ile mlangoni.

"Hakuziuza," akasema.

"Hakuziuza."

"Siku ile kwenye simu, aliwahi kukuuliza ulimwambia nini Gladys? Wewe mwenyewe, baadaye?"

"Hakuwahi kuniuliza."

Alikaa kwenye kitanda cha mama yake akaufunika uso kwa ile ngozi, na sauti iliyotoka nyuma yake sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Wazee wa zamani walilala juu ya ngozi wakiwa hai na wakiwa wamekufa. Kwa hiyo aliposhuka kaburini kabla ya jeneza, akatandaza ngozi ya Bibi Arusi chini, akailainisha kwa viganja mpaka kwenye pembe, hakuna aliyemzuia, hata mchungaji.

Hakurudi Ikoma. Wiki zile alikuwa anashinda kaburini akipanga mawe na kusuka uzio wa miiba, mbuzi wasikanyage.

Asubuhi moja simu yangu ikaita, namba ya Kenya. Alikuwa Gladys, na safari hii alikuwa analia na kucheka. Baba yake amepata ulimi. Si wote, lakini anasema. Na neno la kwanza alilouliza ni kwa nini hawakumwachia Wegesa mtamba wake.

"Dada, sikujua," Gladys akasema. "Walahi sikujua. Mbona hamkuniambia? Baba amenigombeza kwa ule ulimi wake nusu mpaka nimeona aibu. Anataka kuongea na mama mwenyewe. Ngoja nimpe."

Nilifungua mdomo nimwambie, lakini alikuwa ameshaiondoa simu sikioni. Nikasikia simu inapokewa upande wa pili, na pumzi ya mzee. Nilitoka nje nayo, nikatembea mpaka kaburini, sijui kwa nini, miguu ilikwenda yenyewe. Waitara aliinua kichwa.

"Nani?"

"Jairo. Anamtaka mama."

Aliitazama ile simu. Alikuwa ameikata mara nyingi akiwa Ikoma, ikiwa mkononi mwa mama yake. Akanawa mikono kwa umande wa majani, akaipokea kwa mikono miwili, akaweka spika. Halafu akapiga magoti akailaza juu ya udongo, karibu na pale tulipokadiria kichwa kipo.

"Wegesa," ile sauti ikasema kwa Kiswahili kinachoburuta mguu. "Wegesa. Ero kamano. Asante. Nchagwa alisema... alisema wewe ndiye mtunzaji. Si yeye. Mtamba wako yupo. Mweupe. Nilikataza asiuzwe... nilikataza kwa mkono. Omondi anamleta."

Akangoja jibu. Jogoo waliwika huko kwao Kenya. Waitara alikuwa ameweka kiganja juu ya udongo.

"Wegesa? Mbona uko kimya?"

"Anasikiliza, mzee," Waitara akasema. "Huwa anasikiliza kwanza."

Niliokota simu, nikaifuta udongo kwa kanga, nikamwambia Jairo ukweli kwa lugha yetu.